Kigaga kinachorudi: tunavyoikosea kansa ya ngozi Kanda ya Ziwa

Kila tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, viwanja hujaa. Risala husomwa, kofia na losheni hugawiwa, mgeni rasmi hupiga picha na watoto, kisha watu hutawanyika. Hatuna ugomvi na siku hiyo. Kofia inahitajika na losheni inahitajika. Tatizo ni kwamba ugawaji umechukua nafasi ya kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo inayookoa maisha: kukagua ngozi ya mtu mmoja mmoja, mara kwa mara, na kuondoa madoa yanayoelekea kuwa kansa yakiwa bado madogo.

Ushahidi tunao hapahapa Mwanza. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa kansa ya ngozi hospitalini hapo. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 30. Muda wa kati tangu dalili zianze hadi kufika hospitali ulikuwa miezi 24. Wengi waliathirika kichwani na shingoni, na robo tatu walikuwa na kansa ya seli bapa, yaani ile inayoanzia kwenye tabaka la juu la ngozi. Asilimia 42 hawakumaliza matibabu kwa sababu fedha ziliisha.

Miezi 24 ni mingi mno kwa ugonjwa unaoonekana kwa macho. Kansa ya ini hujificha, ya kongosho hujificha. Hii iko juu ya sikio, kwenye mdomo wa chini, kwenye kope. Mama anaiona, mwalimu anaiona, hata abiria wa daladala anaiona. Inaitwa kidonda, inapakwa GV, inafunikwa na kofia ileile iliyogawiwa uwanjani.

Kwa mtu mwenye ualbino chanzo kinajulikana. Mionzi ya urujuanimno ya jua hupenya kwenye seli za ngozi na kuharibu vinasaba: herufi mbili zilizo jirani hugandamana, na seli ikishindwa kurekebisha kosa hilo kabla ya kujigawa, kosa hurithiwa na seli zote zinazofuata. Moja ya jeni zinazoharibika mapema ni TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli mbovu isiendelee kuzaliana. Ngozi nyeusi ina melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, ya kutosha kuipunguza mionzi hiyo kabla haijafika chini. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya mionzi aina ya UVB, ile sehemu ya urujuanimno inayounguza ngozi, wakati la Mzungu hupitisha asilimia 24. Mwenye ualbino hana hata kinga ya Mzungu, kisha anaishi chini ya jua ambalo Mzungu hajawahi kuishi chini yake.

Jua hilo linastahili kuelezwa vizuri, maana ushauri mwingi hutolewa kana kwamba jua ni lilelile kila mahali. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa wenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi hii kwa takriban asilimia 10. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita utosini kabisa. Hata Juni, mwezi ambao watu huuona wa baridi, jua la mchana hupanda hadi nyuzi 64, na huko Ulaya ya kaskazini urefu huo hawaupati hata katikati ya kiangazi chao. Kwa hiyo hapa hakuna msimu wa kupumzika. Siku ya anga safi, kipimo cha nguvu ya mionzi ya urujuanimno (UV Index) mchana huvuka 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia.

Kuna kosa la saa pia. Wengi huamini jua kali ni la saa sita, na kwamba ikifika saa nane limeshapungua. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45, lakini Mwanza iko karibu na nyuzi 33, na kwa sababu hiyo jua letu hufika juu kabisa kwenye saa sita na dakika 48, mwaka mzima likipishana robo saa tu mbele au nyuma. Hesabu yake ni hii: jua la saa nane mchana Mwanza lina nguvu sawa na la saa tano na nusu asubuhi. Mwanafunzi anayeruhusiwa saa nane anatembea kurudi nyumbani ndani ya saa mbaya zaidi za siku. Njia ya kupima isiyohitaji saa wala simu ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ni mikali. Hapa kwetu hali hiyo huanza kabla kidogo ya saa nne na huisha kabla kidogo ya saa kumi.

Upepo wa ziwa huongeza udanganyifu. Mionzi hii haina joto, mtu haisikii. Anayekaa mwaloni, kwenye gati la wavuvi, Igombe au Kayenze na upepo unampoza anaungua sawasawa na aliye katikati ya mji anayetoka jasho. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mchanga mkavu huirudisha juu kwa takriban asilimia 15, hivyo mwamvuli peke yake ufukweni haumalizi kazi.

Sasa turudi kwenye losheni, tena kwa hesabu. Losheni ya SPF 30 (SPF ni namba ya kiwango cha kinga inayoandikwa kwenye kichupa) ikipakwa ipasavyo huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi aina ya UVB, na ya SPF 50 huzuia asilimia 98. Tofauti ni asilimia moja, na haifai kumfanya mzazi alipe mara mbili. Kinachoamua ni kiasi. Vipimo hivyo vya maabara hufanywa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa uso, masikio, shingo na viganja kwa nje, hicho ni kama kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake, na kinga inayopatikana huwa ndogo sana kuliko namba iliyoandikwa kwenye kichupa. Losheni inapaswa kupakwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, kisha kurudiwa kila baada ya saa mbili, na mara moja baada ya kutoka jasho au kunawa.

Tuseme kijana wa sekondari anapaka mara tatu kwa siku. Akiwa amevaa mikono mirefu na suruali, anatumia mililita 15, na kichupa cha mililita 100 kinakwisha ndani ya wiki moja. Kilichogawiwa tarehe 13 Juni hakifiki mwisho wa mwezi. Akiwa amevaa shati la mikono mifupi na kaptula, anahitaji vijiko vinne hadi vitano kila mara, na kichupa hichohicho hakimalizi siku mbili. Hapo ndipo tunaposema bila kusita: nguo kwanza, losheni baadaye. Losheni ni ya sehemu ambazo nguo haziwezi kufunika. Kampeni inayogawa losheni bila kubadilisha sare inamwaga fedha.

Nguo nayo ina kipimo chake. Ishike mbele ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya nyuzi, mionzi inapenya pia. Shati jeupe la shule lililofuliwa mwaka mzima huwa halina kinga ya maana, na likilowa jasho ndiyo kabisa. Ndani yake ivaliwe fulana nzito, au juu yake sweta jepesi la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana. Rangi iliyokolea hushinda nyeupe. Kitenge kizito hushinda kanga iliyochakaa. Kuhusu kofia, kapelo haifai. Inakinga paji la uso na kuacha masikio, mashavu na kisogo wazi, na hizo ndizo sehemu ambazo madaktari wa upasuaji huzikata kila wiki. Inayotakiwa ni pama yenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka kichwa chote. Shule inayomlazimisha mtoto kuvua kofia mstarini kwa sababu ya nidhamu inamuumiza mtoto huyo, na mkuu wa shule anayo mamlaka ya kuliacha jambo hilo leo hii bila kusubiri waraka.

Mafuta ya nazi hayakingi. Mafuta ya mgando hayakingi. Losheni ikihifadhiwa chini ya bati lenye joto hujitenga, maji juu na uji chini, na ikifika hapo itupwe. Nchini kuna Kilisun inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino, na halmashauri zikiiagiza mapema kwa hesabu ya matumizi halisi ya kila mtu, badala ya hesabu ya vichupa vya sherehe, upungufu wa katikati ya mwaka utapungua sana.

Kuna mnyororo mmoja ambao hauzungumzwi vya kutosha, na huanzia ubaoni. Ualbino hauishii kwenye ngozi. Macho pia hukosa melanini na uoni huwa hafifu. Mtoto asiyeona ubao, asiyewekwa dawati la mbele, asiye na kitabu cha maandishi makubwa, hufeli, huacha shule, na kazi zinazobaki ni za juani: kulima, kupara samaki, kuanika dagaa. Akiwa na miaka 25 ngozi yake imelipia kiti cha nyuma alichowekwa akiwa na miaka saba. Ndiyo maana miwani na kioo cha kukuza maandishi, kwa maoni yetu, ni vifaa vya kuzuia kansa, na vinapaswa kuwa kwenye bajeti moja na losheni.

Kwa wanaoishi tayari kwa kazi ya dagaa, ushauri wa "usiende juani" hauna maana, kwa sababu dagaa hukauka vizuri saa zilezile ambazo jua ni kali zaidi. Kinachowezekana ni kugawana kazi. Kuanika kukamilike kabla ya saa tatu na nusu, kugeuza kufanywe na wenzake wenye melanini, kuanua kuwe baada ya saa kumi. Katikati yake mwenye ualbino afanye kazi za kivulini: kuchambua, kupima, kufunga magunia, kushika daftari. Vichanja vya urefu wa kiuno ni bora kuliko mchanga, kwani dagaa hubaki safi na mtu hainami na kukianika kisogo chake kwa saa nzima.

Tukifika kwenye ngozi yenyewe, ugonjwa hauji ghafla. Kwanza huja viraka vikavu visivyo na maumivu, mara nyingi kwenye mashavu, pua, masikio, kisogo, mabega na migongo ya viganja. Ukipitisha kidole vinakwaruza kama msasa, na kidole huvigundua kabla ya jicho. Hiyo bado si kansa, na baadhi hupotea vyenyewe mtu akijikinga, lakini hakuna anayeweza kujua kipi kitapotea na kipi kitageuka. Kinachogeuka huwa kinene, kinauma kikiguswa, chini yake pana ugumu. Kigaga hutoka na damu kidogo, hupona juujuu, kisha hurudi palepale. Kigaga kinachorudi mahali pamoja, au kidonda kisichopona kwa wiki nne, si cha kupakwa dawa tena. Ni cha kukatwa na kupimwa. Kwenye mdomo wa chini na sikio haraka iongezwe, maana kansa za hapo huwahi kusambaa kwenye tezi za shingo.

Ukaguzi wa nyumbani ufanywe mara moja kwa mwezi na mtu mwingine, kwa sababu mwenyewe haoni kisogo chake na uoni wake ni hafifu. Mkae kivulini penye mwanga mzuri wa asubuhi. Pitisha kidole nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, pembeni mwa pua, kwenye kope na mdomo. Palipo na shaka piga picha kwa simu ukiweka sarafu pembeni. Mwezi ujao piga tena na sarafu ileile, ulinganishe. Ukaguzi wa mtaalamu uwe kila baada ya miezi sita, na kila mitatu kwa aliyewahi kuwa na kansa.

Hospitalini mambo huharibika kwa njia chache zinazojirudia. Ya kwanza na mbaya zaidi ni uvimbe kukatwa kwenye kituo kidogo na kutupwa. Bila kipimo, hakuna anayejua ilikuwa kansa gani wala kama mizizi imebaki. Kila kilichokatwa kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake uwe mara kumi ya nyama yenyewe, chupa iandikwe jina, mahali kilipotoka na tarehe. Spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala. Ya pili ni kukata kwa kubana sana ili kovu liwe dogo: kansa ya seli bapa ndogo huhitaji milimita 4 hadi 6 za ngozi nzima kuizunguka, na zaidi ikiwa ni kubwa. Ya tatu ni majibu kutofuatwa. Mgonjwa ameshonwa, ameondoka na meli ya Nansio kurudi Ukerewe, majibu yanasema kingo si safi, yaani kansa imebaki, na namba ya simu kwenye faili ni ya jirani aliyehama. Ya nne ni mionzi ya tiba. Bugando ina huduma hiyo sasa, na wagonjwa wengi hawalazimiki tena kusafiri hadi Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, lakini tiba yenyewe hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa. Anayetoka Ukerewe au Buchosa hana pa kulala muda wote huo. Anaacha katikati, na tiba iliyoachwa katikati huipa kansa nafasi ya kurudi.

Wenye ngozi nyeusi nao wasijione wako salama, ila vyanzo vyao ni vingine na losheni haihusiki. Mwaka uleule wa 2012 Bugando ilichapisha uchambuzi mwingine wa wagonjwa 56 ambao kansa ilianzia kwenye makovu na vidonda sugu, na makovu ya moto ndiyo yaliyoongoza. Mtoto aliyeungua kwa mafuta ya taa, hakupandikizwa ngozi, kovu likawa linapasuka kila mara anapokunja goti, anaweza kupata kansa hapo baada ya miaka mingi. Kovu lililoanza kutoa usaha wenye harufu au kuota nyama lichukuliwe vipande kutoka kwenye kingo, sehemu kadhaa, kwani katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na kipimo hakitaonyesha kitu. Kansa ya Kaposi husababishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994 na hushamiri kinga ya mwili inaposhuka. Uvimbe wa rangi ya zambarau iliyoiva miguuni au kwenye kaakaa humpeleka mtu kupima VVU, na ARV ndiyo msingi wa tiba yake. Melanoma, kansa inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali pasipopigwa na jua. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, nayo ilianzia kwenye kidole cha mguu. Mstari mweusi chini ya kucha unaopanuka upimwe. Aseniki kwenye maji ya kunywa, ambayo katika maeneo ya dhahabu huweza kutoka kwenye miamba yenyewe, pia husababisha kansa ya ngozi, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kuhusu mkorogo, mtu anayejiondolea melanini kwa makusudi anajivua kinga tuliyoieleza hapo juu, na madaktari wa Dakar wamekwisha kuripoti kansa za seli bapa kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi.

Turudi kwenye kile tunachokidai. Viraka vile vya msasa huondolewa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kiraka kimoja hupulizwa kama sekunde 10 hadi kigeuke cheupe pamoja na ukingo mwembamba kukizunguka. Hutoka lengelenge, hukauka, na kigaga hudondoka ndani ya wiki moja au mbili. Hakuna chumba cha upasuaji, hakuna kulazwa, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya uangalizi wa daktari. Kikwazo kinachotajwa kila mara ni kwamba nitrojeni huvukiza na ni vigumu kuifikisha vijijini. Lakini katika nchi ya wafugaji, nitrojeni hiyohiyo, ndani ya mitungi ileile, hubebwa na maofisa mifugo kwa pikipiki kupelekea ng'ombe mbegu za uhimilishaji. Halmashauri inayoweza kuifikisha zizini inaweza kuifikisha kwenye kituo cha afya mara moja kila miezi mitatu, siku inayotangazwa mapema misikitini, makanisani na mwaloni, akiwepo mtu wa kukagua ngozi, fomalini, chupa zenye lebo na daftari la namba mbili za simu kwa kila mgonjwa. Bajeti za halmashauri huandaliwa kabla Bunge halijakaa, na madiwani wa Ukerewe, Magu, Misungwi, Sengerema na Buchosa wanaweza kuuweka mstari huo sasa, pembeni ya ule wa losheni.